Kiberiti cha Bibi

Nianze na choo cha ofisi, maana harufu yake ninayo mpaka leo. Ofisi ile ndiyo inayotoa ruhusa ya kuuza chakula hapa Palma. Ndiyo inayokwambia meza yako ifunikwe, maji yako yachemshwe, kucha zako zikatwe. Choo chake kiko nyuma, mlango umebaki na bawaba moja, na nzi wa mle ndani walikuwa wanatoka nje kupumua. Niliingia mara moja tu, nikatoka bila kufanya nililoendea. Nikarudi kwenye benchi kwa bibi yangu, nimebana miguu, tukaendelea kuwasubiri watu waliotaka kujua kama sisi ni wasafi.

Bibi alitaka banda tu, si hoteli. Zamani, kabla hatujakimbia vita, alikuwa anauza kibarazani kwetu, pweza wa nazi na wali, sahani kwa sahani, na hakuna aliyewahi kumwuliza karatasi. Karatasi yake ilikuwa foleni. Tuliporudi kutoka ukimbizini tukakuta kibaraza hakipo, na mabanda mapya ya mabati yamepangwa kwenye barabara ya kuingilia sokoni, pale wanaposimama vijana wa pikipiki na wanapopita watu wa mradi wa gesi wakiwa na njaa na mshahara. Bibi akapewa banda la mwisho kwenye mstari, lile lenye kivuli. Alipewa kwa sharti: alete alvara, yaani leseni, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mwezi ukionekana naye hana alvara, banda linakwenda kwa anayefuata.

Anayefuata tulimjua. Ni jamaa anayechaji simu za watu kwa sola. Kila asubuhi alipita kulipima banda letu kwa hatua, akafika mwisho, akakuna kidevu, akaanza tena, kana kwamba banda linaweza kuwa limekua usiku.

"Bibi yako hajambo?" ananiuliza, kwa sauti ya mtu anayetegemea jibu baya.

"Hajambo. Jana kang'oa mnazi."

Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ni utani, lakini utani una kazi zake, na kazi kubwa ya mume ni kutumwa. Isitoshe mimi ndiye niliyekuwa nasoma, niko klasi ya kumi, Kireno kinanitoka puani, kwa hiyo nikapewa cheo cha kusoma karatasi. Nilikipokea kwa furaha. Sikujua kwamba karatasi za nchi hii zinazaana kama kunguni.

Kwanza ilitakiwa barua ya sekretario wa mtaa, kuthibitisha kwamba unaishi unapoishi. Sekretario wetu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na amekula pweza wa bibi tangu hajaota ndevu. Akavaa miwani, akamwuliza jina lake, akamwuliza anakaa wapi. Bibi akanyoosha kidole dirishani, akamwonyesha paa letu. Sekretario akaliangalia kama anaona paa kwa mara ya kwanza. Halafu zikaja picha ndogo, halafu namba ya kodi, halafu nakala ya kitambulisho, halafu nakala ya nakala, maana ile ya kwanza ilikuwa imekunjika pembeni. Kila karatasi inataka karimbo, muhuri wao ule wa mviringo. Karimbo linataka wino. Na wino kila siku ameufungia mtu ambaye ameenda mazikoni. Kwa hesabu za wino ule, watumishi wa ofisi hiyo wamezika ukoo mzima.

Tukafika kwenye ukaguzi. Mkaguzi alikuwa shefe mwenyewe, yaani mkuu wa ofisi ile, mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa, akaja bandani kwetu anatafuna karanga. Bibi alikuwa amesugua meza kwa majivu na ndimu mpaka mbao zikawa nyeupe. Shefe akapitisha kidole juu ya meza. Akakitazama. Akakilamba, nadhani kulikuwa na chumvi ya karanga. Kisha kidole hicho hicho akakichovya kwenye ndoo ya maji ya kunawia, kuhakikisha kuna maji, akajipangusa kwenye pazia jipya la bibi, akaandika kwamba mazingira yanaridhisha. Nilimwangalia bibi. Alikuwa anaiangalia ndoo. Shefe alipoondoka, aliyamwaga maji yote, akaisugua ndoo kwa mchanga, akaisuuza, akaisugua tena.

"Basi tumepita," nikamwambia.

"Ndoo haijapita," akasema.

Kikabaki kitu kimoja, kadi ya afya. Anayepikia watu lazima apimwe choo kikubwa hospitali. Ni sheria nzuri, sikatai. Na kwa hili nyumba nzima tulitulia, maana hospitali tunaye mtu. Mume wa mama mdogo, yaani baba yangu mdogo, ndiye anayepima kwenye maabara. Bibi aliwatangazia wenzake foleni nzima: wengine watahangaika, sisi tunaye mtu. Hata yule wa sola nilimwambia, ili apunguze hatua.

Siku ya kwenda, bibi amekwisha kujifunga kanga, ameshika mlango, akarudi akakaa chini kwenye mkeka.

"Mume wangu," akasema, "yule ni mkwe."

Hapo na mimi nikakaa.

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Bibi akimwona baba mdogo anakuja, anavuta kanga mpaka puani na kugeukia ukuta. Baba mdogo akimwona bibi njiani anaingia vichakani, hata kama vichaka vyenyewe ni vya miiba. Amemwoa mama mdogo siku nyingi, watoto wao wanasoma, na muda wote huo hawajaambiana neno. Wakiwa ua mmoja wanapitisha maneno kwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mimi. Mwambie baba yako mdogo chumvi ipo kwenye kopo. Nageuka, namwambia chumvi ipo kwenye kopo. Ameshasikia, amekaa mkono mmoja kutoka hapo, lakini hanyanyuki mpaka nimwambie. Mara nyingine naongeza na maneno yangu, kwamba bibi anasema umenenepa, na wote wawili wanajua ni yangu, ila hakuna anayeweza kumlalamikia mwenzake.

Sasa mtu ambaye hawezi kumwonyesha uso, atampelekeaje kile?

Tukatafuta njia. Mwenzake baba mdogo wa maabara alikuwa amehamishiwa Pemba, makao makuu ya mkoa wetu. Kijiji cha jirani, Mute, wana zahanati lakini hawana hadubini. Bibi akafikiri mpaka jua likahama mlangoni, akaniangalia.

"Utapeleka wewe. Mimi sitakuwepo, yeye hataniona. Haya yangu itabaki nyumbani."

"Nakupa talaka."

"Talaka utatoa ukirudi."

Vichupa vya hospitali vilikuwa vimekwisha, wakasema tulete kwenye kiberiti, kama zamani. Bibi akakifunga kiberiti chake kwa karatasi, juu yake mfuko wa plastiki, juu yake kipande cha kanga, akapiga na fundo. Zawadi za harusi nimeona zimefungwa vibaya zaidi. Nikapanda pikipiki nimeunyoosha mkono pembeni kama mtu aliyebeba taa. Dereva akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia dhahabu ya bibi. Akataka kuiona. Nikamwambia akiifungua ni yake. Akacheka, akapiga breki kwenye shimo, na mzigo ukanigusa shavuni. Sitaki kuieleza hiyo sehemu.

Baba mdogo alikipokea vizuri kama anavyopokea vyote, akafungua tabaka la kwanza, la pili, akafika kwenye jina. Akakiweka kwenye ukingo wa dirisha, taratibu, kama yai. Akaniambia njoo kesho.

Kesho yake kilikuwa pale pale, na sisimizi wamekwisha kufika. Walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka kwenye kiberiti, wametulia kama sisi kwenye foleni ya alvara, tofauti ni kwamba wao walikuwa wanahudumiwa.

"Baba mdogo, hujakiangalia."

"Siwezi."

"Basi andika kwamba ni safi. Nani atajua?"

Akavua glovu. Akaniambia nikae. Akanikumbusha ule mwaka wa kuhara, wakati hospitali ilihamia kwenye mahema na sisi watoto tukakatazwa kupita upande ule. Yeye ndiye aliyekuwa anawafunika watu. Wengine walikuwa wamekula sahani moja tu, mahali pamoja tu. Akasema tangu siku hizo haandiki asichokiona.

"Basi kiangalie."

"Ni mama mkwe wangu," akasema, kana kwamba sentensi zote za duniani zinaishia hapo.

Nilitaka kumchukia ikashindikana, nikawachukia sisimizi. Nimezunguka ofisi zote za Palma, nimewaona wanaoandika wasichokiona kutwa nzima na wanapewa kiti cha kuzunguka, halafu mtu mmoja asiyetaka kudanganya ndiye amekaa juu ya kadi yetu. Nikarudi nyumbani nikamwambia bibi yote. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza tu kama baba mdogo alilitaja jina lake. Nikasema hapana. Akasema, "Ana adabu." Halafu akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na siku hiyo hatukula pweza wala chochote.

Nikaenda kwa shefe, peke yangu, kuuliza kama muda unaweza kuongezwa. Nilimkuta anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Akanisikiliza kwa sikio hilo hilo. Akasema muda ni wa mwezi, na mwezi si wake. Ila, akasema, akikitazama kilichotoka na kifuniko, kuna kadi zinazoweza kutoka bila kupita maabara, ikiwa bibi atawafikiria vijana wa ofisi kwa refresko, soda ya baridi tu. Kisha akakirudisha kifuniko kwenye kalamu, akanipa kalamu niandike namba ya simu. Niliishika kwa vidole viwili.

Bibi aliposikia habari ya soda alitikisa kichwa. Hakutaja dhambi wala sheria.

"Akinywa soda yangu leo, kesho atataka pweza, keshokutwa atataka banda. Na watu watakula kwangu wakidhani kuna aliyeangalia."

Wiki hiyo yule wa sola akaleta kibao chake, kimeandikwa kwa rangi nyekundu, akakiegemeza kwenye banda letu. Kwa muda tu, akasema, kisilowe. Mvua yenyewe haikuwepo. Bibi alikiona, akapita kama hajakiona, lakini mkono wake ukaenda kuipangusa meza ambayo tayari ilikuwa nyeupe. Mkono huo ndio uliotulisha hata tulipolala chini ya mikorosho ya watu.

Njia ya kuiondoa haya ya mkwe ipo. Mkwe analeta doti ya kanga, mama mkwe anaipokea uso wazi, anampikia, anampakulia kwa mkono wake, na mkwe anakula mbele yake mpaka amalize. Baada ya hapo wanaweza kusemeshana kama watu. Kwetu huwa inafanywa mmoja akiwa mgonjwa sana au mzee sana. Na lazima aombe mkwe. Mama mkwe akianza yeye, hiyo ni aibu kuliko kiberiti.

Bibi hakuweza kusema, kwa hiyo hakusema. Mimi sina aibu, kila mwalimu wangu atakuthibitishia, nikaenda kwa mama mdogo. Nikamweleza kiberiti, sisimizi, shefe na sikio lake. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa kwenye kinu, halafu akafuta macho.

"Nimechoka kuwa simu ya watu wawili," akasema. "Mwache kwanza baba yako mdogo arudi kutoka kazini."

Ijumaa baada ya swala baba mdogo akaja amevaa kanzu, doti ya kanga kwapani, akakaa uani kwenye mkeka. Bibi alikuwa jikoni nyuma ya makuti, pweza tayari yuko kwenye nazi, harufu imejaa mtaa. Nilidhani mambo yamekwisha. Sauti ikatoka nyuma ya makuti.

"Mwambie baba yako mdogo akapime kwanza, ndipo ale. Kama mkono wangu una uchafu, sitamlisha mume wa mwanangu."

Nikageuka nikamwambia. Akainamisha kichwa.

"Mwambie bibi yako siwezi kupima kabla sijala."

Nikageuka nikamwambia. Pweza anachemka. Nikajiona nimesimama katikati ya watu wawili wenye haki, na hakuna mahali pabaya pa kusimama kama hapo. Yaani mmoja hawezi kulisha mpaka apimwe, mwingine hawezi kupima mpaka alishwe, na mwezi huko juu unazidi kumegeka. Nikawaambia mimi naenda kucheza mpira, wakimaliza wanitumie ujumbe. Sikwenda. Nilisimama mlangoni.

Baba mdogo akasogeza doti mbele yake. Akasema, si kwangu wala kwa bibi, akasema kwenye mkeka: "Mimi nakula. Kikiwepo kitu, tutakinywea dawa."

Makuti yakasogea. Bibi akatoka na sahani, kanga iko mabegani, uso wote nje. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake akiwa karibu na mtu huyu. Baba mdogo alikuwa anatazama magoti yake. Akanyoosha mkono apokee, na bibi hakuiachia sahani.

"Umenawa na sabuni?" akamwuliza.

Ndilo neno la kwanza aliloambiwa na mama mkwe wake tangu aoe. Baba mdogo, mtu wa maabara, ambaye mchana kutwa ananiambia mimi ninawe mikono, akatikisa kichwa. Akanyanyuka akaenda kunawa. Akarudi akala mpaka mwisho, akapangusa mchuzi kwa kidole, bibi amesimama juu yake kama msimamizi wa mtihani. Mimi na mama mdogo tukamalizia kilichobaki sufuriani.

Jumamosi nikapeleka kiberiti cha pili. Safari hii nilikwenda kwa miguu. Jioni baba mdogo akaja mwenyewe, akapita mlango wa mbele bila kukohoa, akasimama mbele ya bibi, akamtazama. Neno la kwanza la mkwe kwa mama mkwe, nilidhani litakuwa dua.

"Mama," akasema, "minyoo ipo."

Bibi akamkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kanga ikadondoka, na baba mdogo akacheka kwa woga, na mimi nilikuwa wa mwisho kucheka, maana nilikuwa nimekumbuka ile sufuria. Vidonge alikuja navyo vya watu wote waliokula, akasimama tukavimeza mbele yake. Tulichoendea msalani baada ya hapo ni siri yangu na serikali. Baada ya siku alizosema, nikapeleka kiberiti cha tatu, na hicho kilikuwa safi. Akaandika alichokiona.

Kadi tuliifikisha ofisini siku ambayo watu walikuwa wameshaanza kutazama mawingu upande wa magharibi. Shefe akaisoma mbele na nyuma, akatafuta kosa, hakuliona. Akatoa karatasi ya alvara, akachukua karimbo. Wino mkavu. Nikajua kuna msiba mwingine. Lakini shefe alikuwa na haraka siku hiyo. Akafunua kile kitambaa cha wino, akakitemea mate, mara mbili, akasugua karimbo, akagonga. Mviringo ukatoka mzuri kabisa, bluu, unang'aa kwa unyevu.

Bibi aliipokea kwa pembe, kama anavyoshika panya kwa mkia. Tulipofika nje akaniuliza, kwa utulivu, "Na huyu nani anampima?"

Ndiyo hiyo iliyotundikwa bandani, ndani ya plastiki, juu ya ndoo. Inasema bibi yangu ni msafi, na imeshikiliwa na mate ya shefe. Kibao cha yule wa sola nilikibeba mwenyewe mpaka kwake, nikamwambia kilikuwa kimeanza kulowa.

Ramadhani tukaanza kwa kuuza futari. Baba mdogo anakuja akitoka kazini, anakaa mbele kabisa, na bibi anampigia kelele juu ya vichwa vya wateja kama anataka supu. Sitakiwi tena kupitisha maneno, na nimekosa njia ya kumwambia amenenepa.

Shefe naye alikuja, jioni ya kwanza kabisa. Adhana imelia, watu wanakula, akajipenyeza na viatu vyake akaagiza pweza. Bibi akapakua vizuri, nyama ya kutosha, akaileta mpaka mbele yake. Ila sahani haikushuka mezani. Bibi alisimama nayo mkononi, chini ya karatasi yake, watu wote wanaona, na akamwuliza lile swali lake la sabuni.

Shefe akacheka, akatazama kulia na kushoto. Hakuna aliyecheka naye. Baba mdogo alikuwa ameacha kutafuna. Sahani bado iko juu, mvuke unapanda. Mwishowe shefe akavuta kiti nyuma, akaenda kwenye ndoo, na mimi nikamshikia kata nikammiminia.

"Vidole vyote," bibi akasema kwa nyuma.

"Hata kile cha karanga," nikamwambia mimi, nikampa sabuni.